Mapafu ya mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati: ekografi inaweza kutusaidia nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano mkuu wa shirika letu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.



Kamati iliniomba niongee juu ya jambo moja tu. Katika kikao kilichopita mfadhili mmoja alitoa wazo kwamba tununue mashine ndogo ya ekografi kwa ajili ya watoto wanaozaliwa mbele ya wakati. Alisema huko Ulaya waganga wanaitumia kutazama mapafu ya mtoto na kujua mapema kama atabaki na ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Wamama walipiga makofi. Wazee wakauliza bei. Halafu mama mmoja wa likelemba akauliza swali ambalo mimi naona ni kubwa kuliko la bei: "Na mkishajua kama mtoto wangu atagonjwa, mtanifanyia nini?"

Leo nataka nijibu lile swali. Mimi si daktari. Nilisoma afya ya jamii chuoni, na kazi yangu ni kuzunguka vituo vya afya pamoja na wareko. Kwa hiyo nitawaeleza yale waganga wameandika, kisha nitasema namna mimi ninavyoona tutumie pesa yetu. Kuamua ni kwenu.

Mtoto njiti ni nani?

Wale tuliokaa kambini Nyarugusu au Lugufu tulisikia Watanzania wakimwita mtoto njiti. Hapa kwetu maternite wanaandika prematire. Ni mtoto yuleyule: amezaliwa mbele ya wiki 37 za mimba. OMS inahesabu kwamba mwaka 2020 watoto karibu milioni 13.4 duniani walizaliwa hivyo. Aliyezaliwa wiki ya 35 anaweza kuwa mdogo tu na mwenye usingizi mwingi. Aliyezaliwa mbele ya wiki 32 yuko katika hatari kubwa, na aliyezaliwa mbele ya wiki 28 ni vita ya kila saa.

Juu ya nini mapafu ndiyo yanaleta taabu ya kwanza? Tumboni mtoto hapumui hewa. Oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo. Mapafu ni kama nyumba inayojengwa bila mtu kuishi ndani. Vifuko vidogo vya hewa vinakamilika mwishomwisho wa mimba, na vingine vinaendelea kuongezeka hata nyuma ya kuzaliwa.

Kuna jambo lingine. Chukua mfuko wa plastiki wenye maji ndani, uubane. Kuta zake zinashikamana, na kuufungua ni shida. Vifuko vya mapafu navyo vina majimaji, vingeshikamana vilevile. Kwa hiyo mwili unatengeneza kitu cha kulainisha, karibu kama povu la sabuni, kinachozuia visishikamane. Waganga wanakiita surfaktanti. Kwa kawaida kinatosha karibu na wiki ya 34 au 35. Mtoto wa wiki 28 hana cha kutosha, kwa hiyo kila pumzi kwake ni kazi ya kubeba mzigo. Ndiyo ile unaona mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, na anatoa sauti ya kuguna.

Hii ilijulikana vizuri mwaka 1959, wakati Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliokufa na shida hii walikosa surfaktanti. Hata mwenye mali haikumwokoa: mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaa mtoto, Patrick, mbele ya wakati, akafa siku ya pili kwa sababu ya mapafu. Dawa ya surfaktanti haikuwepo. Ilikuja mwaka 1980, wakati Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani walipotangaza kwamba wameitia ndani ya mapafu ya watoto na ikasaidia.

Ugonjwa unaobaki

Mwaka 1967, William Northway na wenzake wa Stanford, California, waliandika juu ya jambo jipya. Watoto waliokuwa wakifa zamani sasa walikuwa wanapona kwa mashine ya kupumulia na oksijeni nyingi, lakini mapafu yao yalikuwa na makovu. Ni kusema, msaada uliowaokoa ndio pia uliwaumiza. Wakaupa ugonjwa huo jina refu, displasia ya bronko na mapafu. Kwenye karatasi za kwetu utaona wanaandika DBP.

Leo waganga wanasema mtoto ana DBP kama bado anahitaji oksijeni au msaada wa kupumua anapofika wiki 36, ukihesabu wiki za tumboni pamoja na wiki za nje. Mtoto huyu anarudi hopitali mara nyingi katika miaka miwili ya kwanza. Mafua ya kawaida yanamshusha. Anakohoa, kifua kinalia kama filimbi, hakui vizuri kwa sababu anatumia nguvu nyingi kupumua. Kama jikoni kuna moshi, hali inakuwa mbaya zaidi.

Sasa angalieni shida ya kuhesabu. Mtoto amezaliwa wiki ya 27. Kusubiri wiki 36 ni kusubiri wiki 9, karibu siku 63. Katika siku hizo mapafu yanaweza kuumia kila siku kidogo kidogo: kwa oksijeni iliyozidi, kwa kusukumwa na mashine, kwa maambukizi, kwa njaa. Ukisubiri siku ya 63 ndipo upate jina la ugonjwa, umechelewa kuuzuia. Ndiyo maana waganga walitafuta njia ya kuona mapema.

Ekografi inaona namna gani?

Wamama wote hapa wanajua ekografi ya tumbo. Sonda inatuma sauti ambayo masikio yetu hayaisikii, sauti inarudi, mashine inachora picha. Zamani ilifundishwa kwamba mapafu hayawezi kuonekana hivi, kwa sababu hewa inarudisha ile sauti yote. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein, aliyekuwa akitunza wagonjwa mahututi, ni mmoja wa wale walioonyesha kwamba hata namna sauti inavyorudi ina maana yake.

Pafu lenye hewa nzuri linaonyesha mistari ya kulala, inayojirudia kwa nafasi sawa. Wanaiita mistari A. Pafu lenye majimaji linaonyesha mistari ya kusimama inayoshuka kama mwanga wa tochi usiku wa ukungu. Ndiyo mistari B. Ikiwa michache, maji ni kidogo. Ikijaa mpaka ikaungana, picha inakuwa nyeupe. Na pale ambapo hewa imetoka kabisa, pafu linaonekana kama ini.

Waganga waligawa kila pafu sehemu 3, ni kusema sehemu 6 kwa yote mawili. Kila sehemu inapewa alama kutoka 0 hadi 3. Sifuri ni pafu zuri, 3 ni pafu lililofungika. Ukijumlisha unapata alama kati ya 0 na 18. Mwaka 2015 kikundi cha Daniele De Luca, kinachofanya kazi Clamart karibu na Paris, kilitangaza kwamba alama hizi zinasaidia kujua ni mtoto gani atahitaji surfaktanti. Nyuma yake, waganga wa nchi mbalimbali za Ulaya na Amerika walifuata watoto wadogo sana kwa majuma. Waliona hivi: mtoto ambaye alama zake ziko juu siku ya 7, na bado hazishuki siku ya 14, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na DBP kuliko yule ambaye mapafu yake yanasafishika.

Uzuri wake ni kwamba hakuna miale kama ya radio. Unaweza kupima leo, kesho na kesho kutwa. Mtoto habebwi kupelekwa chumba kingine, sonda ndiyo inamfuata pale alipo, hata kifuani kwa mama yake. Kwa mkono uliofundishwa ni dakika chache tu.

Mambo ambayo haiwezi

Hapa naomba wafadhili wetu wanisikilize vizuri.

Kwanza, ni uwezekano, si hukumu. Kuna watoto wenye alama za juu ambao wanapona vizuri, na wengine wenye alama nzuri wanaogonjwa baadaye. Mtu asimwambie mama, "Mtoto wako atakuwa na ugonjwa wa mapafu," kwa sababu ya picha moja. Mama aliyesafiri na mizigo kichwani, akavuka ziwa, akafika kijijini akakuta nyumba hakuna, maneno kama hayo yanaweza kumkatisha tamaa akaacha kumkamulia mtoto maziwa.

Pili, watoto waliofuatwa katika utafiti ule walikuwa na surfaktanti, mashine, na muuguzi karibu usiku na mchana. Hatuwezi kuchukua namba zao tukazibandika kwa watoto wa kituo kisicho na umeme wa kudumu.

Tatu, sonda si moja. Ile ya kutazama mimba ni pana na imepinda, inatazama mbali ndani ya tumbo. Kwa kifua cha mtoto wa kilo moja unahitaji sonda ndogo, nyoofu, inayoona karibu kwa undani. Mashine nyingi za msaada zinakuja na ile ya tumbo peke yake. Mwenye kutununulia aulize jambo hili mbele ya kulipa.

Nne, sonda inagusa mtoto huyu kisha yule. Bila kusafishwa, inahamisha maambukizi, na maambukizi ni moja ya vitu vinavyoharibu mapafu hayohayo tunayotaka kuyalinda. Hata ile jeli ya baridi inaweza kumshusha joto mtoto mdogo.

Jibu la swali la mama

"Mkishajua, mtanifanyia nini?" Katika hopitali zenye uwezo, jibu lipo. Kuna dawa, deksametazoni, inayoweza kumsaidia mtoto mwenye hatari kubwa kuachana na mashine. Lakini dawa hii ni upanga wenye makali kuwili: ilipotolewa kwa watoto katika siku za kwanza, wengi zaidi walibaki na ulemavu wa ubongo. Kwa hiyo daktari anataka kujua ni mtoto yupi ana hatari kubwa kweli, ili asiwape wote. Hapo ndipo ekografi inasaidia sana.

Kwetu hapa, katika vituo vingi vya vijijini, dawa hiyo si ya kucheza nayo. Lakini kuna mambo tunayoweza kumfanyia mtoto huyu, na mengi hayangojei mashine.

La kwanza ni oksijeni kwa kipimo. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu 21 kwa mia. Ile inayotoka katika konsantrateri inapita 90 kwa mia. Mtoto mchanga akipewa bila kupimwa, mapafu yanaungua polepole na macho pia yanaharibika. Katika miaka ya 1940 na 1950, Ulaya na Marekani, watoto wengi walipofuka kwa sababu hiyo. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mbele ya wakati mwaka 1950, ni mmoja wao. Kinachohitajika ni kile kifaa kidogo cha kufunga mguuni kinachosoma oksijeni ya damu. Akiwa kwenye oksijeni, namba inatakiwa kukaa kati ya 90 na 95. Ikipita 95 unapunguza. Muuguzi asiye na kifaa hicho anakisia tu kwa kutazama rangi ya midomo.

La pili ni joto la ngozi ya mama. Mtindo wa kanguru ulianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Mwaka 2022 OMS ilisema kanguru ianze mara moja nyuma ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe. Kinachotakiwa ni kitambaa, mama, na watu wa kumsaidia mama.

La tatu ni maziwa ya mama na mikono misafi. Pafu jipya linajengwa na chakula. Mtoto asiyeongezeka kilo hawezi kulitengeneza.

La nne ni kafeini kwa mtoto anayesahau kupumua. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba watoto waliopewa kafeini walipata DBP wachache kuliko wasiopewa. Ni dawa ya hopitali, inapimwa kwa uzito. Tafadhali, mtu asiende kumpa mtoto kahawa.

Ekografi ya kwanza ni ya tumbo la mama

Wandugu, kila kitu nilichosema mpaka sasa kinasimama juu ya namba moja: wiki za mimba. Bila hiyo namba huwezi kujua mtoto ni wa wiki ngapi, wala lini atafika wiki 36. Bila hiyo namba daktari anasita pia kumpa mama ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. OMS inasema sindano hiyo ni ya kati ya wiki 24 na 34, mahali ambapo wiki zinajulikana kwa uhakika, mama hana maambukizi, na kuna huduma ya kumpokea mtoto.

Sasa nawauliza, ni wamama wangapi waliorudi wana namba hiyo? Mmoja karte yake ya kliniki ilibaki upande wa Tanzania. Mwingine ililowana safarini. Mwingine alianza CPN mwezi wa saba kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kulima. Anafika maternite na uchungu, muuguzi anauliza, "Mimba ni ya miezi ngapi?" Wanakisia wote wawili.

OMS inashauri kila mama apate ekografi moja mbele ya wiki 24. Katika wiki hizo kuhesabu umri wa mimba kunakuwa kwa karibu zaidi. Kipimo hicho kinafanywa na ile sonda ya tumbo ambayo hopitali nyingi za jumla zinayo tayari. Ndiyo maana nasema, kwa mapafu ya mtoto njiti wa kwetu, ekografi ya kwanza ni ile ya tumbo la mama yake, akiwa bado anatembea na afya nzuri.

Ninachopendekeza

Sisemi tukatae zawadi ya mfadhili. Nasema tuipange kwa mstari.

Hatua ya kwanza, mituelle yetu ilipe safari na ekografi moja kwa kila mama mwanachama mwenye mimba mbele ya wiki 24. Namba iandikwe kwenye karte, na nakala ibaki kwa reko wa kijiji. Familia inayojiandaa kurudi kutoka kambini iambiwe: karte ya kliniki usiiweke kwenye mzigo, iweke mwilini pamoja na karatasi za kurudi.

Hatua ya pili, pesa ya wafadhili inunue vifaa vya kusoma oksijeni ya damu vyenye kifungio cha mtoto mchanga, pamoja na vitambaa vya kanguru, kwa maternite tunazozitumia.

Hatua ya tatu ni sisi wenyewe. Mama wa mtoto njiti anaweza kukaa hopitali mwezi mzima au zaidi. Anatoroka kwa sababu shamba linaota majani na watoto wengine wana njaa. Likelemba inaweza kumlimia na kumpelekea chakula. Hii haihitaji mfadhili.

Hatua ya nne, sonda ndogo ya mapafu ije kwenye hopitali ya jumla yenye chumba cha watoto wachanga, umeme wa kudumu, na daktari na wauguzi wawili watakaofundishwa na kufuatwa. Wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa kazi, mashine inalala kabatini.

Hatua ya tano, tufungue daftari la watoto waliotoka hopitali. Reko awatembelee mpaka miaka miwili: wanapumuaje, wanaongezeka kilo, wamepata chanjo, jiko liko mbali na mahali wanapolala? Mtoto mwenye alama mbaya hopitalini lakini asiyetembelewa nyumbani hajasaidiwa na ile picha.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Mashine inapigwa picha vizuri, kila mtu anaielewa kwenye ripoti. Nauli ya mama wa mimba ya miezi minne haipigwi picha vizuri. Naomba muziweke zote mbili kwenye bajeti moja, na ile ya nauli ianze.

Mama aliyeuliza swali yuko hapa, nimemwona. Mama, jibu langu ni hili: tukijua mapema, tutapima oksijeni ya mtoto, tutakusaidia kumbeba kifuani, tutakulimia shamba, na tutakufuata nyumbani. Kama hatuko tayari kufanya hayo manne, basi tusinunue mashine ya kukuambia habari mbaya.

Kamati itawaomba mnyoshe mikono juu ya hatua hizi tano, moja moja. Anayeona mpangilio mwingine ni bora aseme sasa, kabla ya kuhesabu.